Mchuma Umelala, Bei Iko Macho

Oya wana, tuelewane mapema. Tangazo la mnada likitua Masasi, libandikwe ukutani au lirushwe kwenye grupu la WhatsApp, kitaa kinalisoma kwa staili moja. Makabati ya chuma, pita. Jenereta, pita. Pikipiki chakavu, labda. Halafu pale chini kabisa: gari dogo, Toyota Celica, bovu, lipo Newala. Hapo kijiwe kinawaka. Mmoja anaapa hiyo ni ndinga ya rali. Mwingine ana binamu yake aliyewahi kuiona ikipiga misele enzi ikiwa hai. Wa tatu hana hata baiskeli, lakini rangi keshachagua.

Celica hiyo chukulieni ni mfano wangu tu, maana michuma ya aina hii ipo kibao: nyuma ya nyumba za washua waliostaafu, kwenye yadi za taasisi, kwenye gereji ambazo fundi wake alishahamia Dar. Leo ni Celica, kesho Peugeot 504, keshokutwa Datsun ambayo mlango wake mmoja umeshakuwa mlango wa banda la kuku. Ishu ni ile ile: ina thamani gani, na unaijuaje kabla dalali hajagonga nyundo?

Kwa sababu kwenye tangazo neno "bovu" limebeba mambo mengi mno. Betri ikifa, gari bovu. Injini ikiwa imeng'olewa na kuuzwa Tunduru, gari bovu vilevile. Na masharti mnayajua: mali inauzwa kama ilivyo, mahali ilipo. Ukishainua mkono ukapewa, hakuna cha "samahani dalali, sikuangalia uvunguni".

Kwanza tuone kwa nini wana wanadata na hizi mashine. Safari Rally ilianza 1953, ikikata Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa inaamua gari gani ni gari na lipi ni bati lenye matairi. Ukimkuta mshua anaisifia Peugeot 404 mpaka sauti inamkwama, usimcheke. Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa anapiga kazi Dar es Salaam, aliibeba Safari mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, akiwa na 404. Datsun 240Z ikachukua 1971 na 1973. Peugeot wakajibu na 504 mwaka 1975, wakarudia 1978. Halafu Toyota wakaja na Celica Twincam Turbo wakazoa 1984, 1985 na 1986, na miaka ya tisini Celica GT-Four ikaendeleza ubabe: Carlos Sainz 1992, Juha Kankkunen 1993, na 1994 Ian Duncan, Mkenya, akawafungia kazi nyumbani kwao.

Ila stori inayonikosha kuliko zote ni ya 1965. Joginder Singh wa Kenya na ndugu yake Jaswant waliingia na Volvo PV544 ya mtumba, gari ambalo timu ya kiwanda ilikuwa imeshalitumia na kuachana nalo. Wakashinda, tena kwa tofauti kubwa ya muda. Kwa hiyo mtu akikwambia gari lililoachwa halina kitu, muulize yeye alikuwa anaangalia nini.

Hapo ndipo nawageukia watu wa Newala, maana nyie hamna haja ya kufundishwa mnada. Tangu stakabadhi ghalani ianze kwenye korosho mwaka 2007, mkulima wa huku mnada anaujua kuliko kijana wa Sinza. Mzigo unatoka chama cha msingi, yaani AMCOS, unaingia ghalani, halafu chama kikuu, TANECU au MAMCU, kinauingiza sokoni. Na hakuna mnunuzi mwenye akili anayetaja bei kwa kuangalia gunia. Sampuli inachomolewa, unyevu unapimwa, korosho zinapasuliwa mojamoja, viini vizima vinapimwa: gunia la kilo 80 litatoa pauni ngapi za kiini? Korosho inaweza kuwa na ganda linalong'aa kinyama, ukiipasua ndani kiini kimesinyaa. Ndinga ya mnadani ipasueni hivyohivyo.

Unaipasuaje sasa? Kwanza nenda siku ya ukaguzi. Matangazo mengi yanataja siku za kuangalia mali, na masela wengi wanaziruka, wanatokea siku ya mnada wamevaa miwani ya jua kuja kuuza sura. Wewe nenda mapema, nguo za kuchafuka, na ukifika getini heshima kwanza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mmekuja kuchukua hii takataka?"

"Tumekuja kuichungulia tu, babu. Hivi ilikuja hapa inatembea, au ililetwa?"

Swali hilo limebeba kila kitu. Mlinzi aliyelala na gari miaka nenda rudi anajua mambo ambayo hayamo kwenye faili lolote. Anajua nani alikuja kuchomoa betri. Anajua kama boneti limekuwa wazi masika mbili au tatu. Akikwambia "ilikuja yenyewe, bosi akahamishwa, funguo zikapotea", moyo uanze kudunda. Akikwambia "ilivutwa na trekta kutoka Kitangari", tulia, vuta pumzi. Gari lililopakiwa likiwa zima na gari lililopakiwa kwa sababu lilikufa hayafanani hata kidogo, hata kama vumbi juu yake ni lile lile jekundu.

Halafu bodi. Watu wanakimbilia injini, mimi naanza na bati, kwa sababu injini inanunuliwa, ila bati likioza ndio gari lenyewe limeondoka. Newala iko juu, ina baridi na ukungu. Asubuhi karibu na Shimo la Mungu unaweza usimwone mwenzako aliyesimama hatua chache mbele yako. Unyevu huo unalala ndani ya gari lililofungwa vioo. Ongeza kitu kingine ambacho mtu wa Dar hakijui: salfa. Msimu wa kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiri unga, poda ya njano inapeperuka mtaa mzima, na gari lililopakiwa chini ya mkorosho linakula salfa mwaka hadi mwaka. Salfa ikikaa muda mrefu na unyevu inazaa asidi, na bati na asidi haziivi chungu kimoja. Fungua boneti, angalia kwenye ile mifereji chini ya waipa, ambako majani yanajikusanya. Ukikuta tope la njano limeganda, kwangua kwa kucha. Chini yake kuna bati, au kuna tundu?

Inama. Gusa chini ya milango, gusa matao ya matairi kwa ndani, inua kapeti miguuni kwa dereva, angalia kitako cha betri. Halafu toa sumaku. Usinunue, chukua sabufa iliyokufa gheto, vunja spika, sumaku hiyo hapo, ifunge kitambaa isichubue rangi. Itembeze taratibu kwenye bodi. Penye bati la kweli inanasa. Penye puti inateleza inaanguka mkononi. Ikianguka sehemu moja, sawa, labda iliwahi kugonga ng'ombe. Ikianguka upande mzima kuanzia mlango mpaka buti, hiyo siyo Celica, hiyo ni sanamu ya Celica iliyochongwa na fundi rangi, na kwa kuchonga huku Umakondeni tayari tuna mabingwa wenye heshima zao, hatuhitaji kuwalipa wa puti.

Masasi chini mambo yanageuka. Kule joto linapiga, majabali yanarudisha moto, kwa hiyo bati linapona zaidi ila dashibodi inapasuka, raba za madirisha zinakauka zinakuwa makoko, na mvua ya kwanza inaingia ndani moja kwa moja. Raba za gari la 1991 kuzipata siyo mchezo, halafu hakuna anayeziweka kwenye bajeti.

Sasa utambulisho, na hapa ndipo watu wanapigwa vibaya. Celica nyingi zilizoletwa huku ni za kawaida: tairi za mbele ndizo zinavuta, injini haina turbo, tamu kwa misele lakini rali haizijui. GT-Four ni mnyama mwingine. Ile ya kizazi cha ST185 ina injini ya 3S-GTE yenye turbo na inavuta kwa tairi zote nne. Na kati yake kuna toleo maalum la magari 5,000 tu, lililotengenezwa ili Toyota waruhusiwe kuingiza gari hilo kwenye rali. Tofauti ya bei kati ya hizo na ya kawaida siyo laki mbili tatu. Ni gari zima na kiwanja chake.

Kwa hiyo usiangalie stika. Stika ya GT-Four inachapishwa popote. Fungua boneti usome kibati cha kiwanda, halafu linganisha na namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bati lenyewe. Ukisoma ST185, endelea. Ukisoma ST182 halafu nyuma kuna maandishi makubwa GT-Four, cheka kimoyomoyo, ondoka. Lala chini uone kama kuna propela shafti na difu ya nyuma. Tairi nne hazivuti kwa maombi. Mwisho soma namba ya injini. Mara nyingi utakuta 3S-FE, ambayo ni injini ile ile ya Noah zinazobeba abiria. Injini bora, spea kila kona, haisumbui. Lakini mtu aliyeng'oa 3S-GTE akaweka ya Noah aliondoka na nusu ya thamani ya gari, na wewe mnadani unauziwa nusu iliyobaki kwa jina la gari zima.

Kadi ya gari nayo isomwe kwa macho makavu. Namba ya chasisi na ya injini zilingane na zilizopo kwenye chuma. Cheki deni la faini za trafiki, maana zinafuata namba ya gari, hazijali nani alikuwa anaendesha. Na kama gari lilikuwa la mradi wa wafadhili, yale yaliyokuwa na namba za DFP, uliza swali moja kwa sauti: ushuru ulilipwa, au liliingia kwa msamaha? Gari la msamaha likihamia kwa mtu asiye na msamaha, TRA wanadai chao. Nimewasikia watu wakishangilia bei ya mnadani wiki nzima, halafu wakakutana na hesabu ya ushuru wakanyamaza.

Tuje kwenye mkwanja. Kosa la kitaa ni kuanza na "nina hela ngapi". Anza mwisho urudi nyuma. Hii ndinga ikipona, ikatembea, ikapendeza, nani ataitaka na atatoa ngapi? Masasi mnunuzi wa gari la michezo la zamani humpati kirahisi, wenye hela wanataka Fuso au Prado. Wazee wa michuma ya kale wako Dar, Arusha, na zaidi Nairobi. Kule wana mashindano ya urembo wa magari, Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, yaliyoanza 1970. Wana pia East African Safari Classic tangu 2003, rali ya magari ya zamani ambayo imewahi kukata Kenya mpaka Tanzania. Watu hao wanajua kila nati. Bei yao ndiyo dari yako, na ni bei ya gari lililokamilika, siyo la kwako lenye kuku ndani.

Kwenye dari hiyo chomoa sasa. Tuseme, kwa hesabu za kijiweni tu, gari likikamilika litauzika milioni 25. Ovaholi ya injini na turbo, milioni 6. Bodi na rangi, 4. Matairi, breki, shokapu, rejeta, raba na taa ambazo utazitafuta Kariakoo mpaka viatu viishe, 5. Usafiri na makaratasi, 2. Hapo umebaki na 8. Kwenye hiyo 8 toa kitu kwa ajili ya mambo ambayo hujayaona, na niamini, hujayaona mengi. Mimi natoa 4. Kilichobaki ni milioni 4, na hiyo ndiyo bei yako ya juu kabisa, hata dalali aimbe. Mtu atakayekwambia "ongeza kidogo tu, mchuma mkali" hatakuwepo siku unalipa fundi.

Utasikia mwana mmoja anapinga: mbona Ulaya mabovu yanauzwa mabilioni? Kweli kabisa. Februari 2015 mjini Paris kampuni ya Artcurial iliuza magari ya Roger Baillon, jamaa wa malori aliyekusanya michuma akitaka kujenga makumbusho, biashara ikayumba, magari yakaoza bandani kwa miongo. Ferrari 250 GT California Spider iliyokutwa humo chini ya marundo ya magazeti ilienda kwa zaidi ya euro milioni 16. Agosti 2023 kule Monterey, Marekani, mtu alitoa dola milioni 1.875 kwa Ferrari 500 Mondial ya 1954 iliyoungua, bodi imekunjamana, ukiiona barabarani utaita watu wa chuma chakavu. Na mtoto wa Unguja, Freddie Mercury: Rolls-Royce yake ya 1974 iliuzwa mnadani kwa pauni 74,600 mwaka 2013, halafu mwaka 2023 ikaenda kwa pauni 286,250. Gari ni lile lile.

Lakini someni mchezo. Hakuna aliyelipia uozo. Walilipia namba ya chasisi isiyo na shaka, uchache, na jina la aliyeketi pale ndani, vyote vikiwa na karatasi. California Spider ile iliwahi kuwa ya Alain Delon, na picha zipo. Celica yako ya Newala iliwahi kuwa ya nani? Kama jibu ni "wanasema ilikuwa ya mkubwa mmoja", hiyo ni bei ya soda. Ila kama chini ya kiti utakuta kitabu cha sevisi, risiti za zamani, kadi ya mwanzo, kausha, usipige kelele, funga mlango polepole. Karatasi hizo zinaweza kuzidi thamani ya injini.

Na msidhani kununua mabovu kwa kukurupuka ni tabia ya vijana tu. Nachingwea hapo jirani ilikuwa kituo kimojawapo cha mpango wa karanga wa Waingereza, pamoja na Kongwa na Urambo, ulioanza 1947. Kwa haraka zao walizoa matrekta chakavu ya jeshi la Marekani kutoka Ufilipino, mengi yakiwa taabani, na vifaru vya Sherman vikageuzwa matrekta. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umezikwa na pauni kama milioni 36 za walipa kodi wao. Watu wenye tai, wenye wahandisi, wenye meli zao. Walisahau kuchukua sumaku.

Siku ya mnada yenyewe sina mengi. Kaa pembeni uone nani anapandisha. Mtu wa chuma chakavu anaishia kwenye bei ya kilo, mtu wa spea anaishia kwenye giaboksi na taa. Wakinyamaza hao wawili ukabaki wewe na jamaa mmoja mnapandishana, jiulize yeye kaona nini. Mara nyingi hajaona kitu, kamaindi tu kushindwa mbele ya shemeji zake. Wengine wamewekwa pale kupandisha, hawana hata nauli ya kurudi. Namba yako ikifika, shusha mkono. Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba walizigomea bei za wanunuzi wa korosho mnadani kweupe, na Novemba Serikali ikaja kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Wewe Serikali haitakuja kukununulia Celica, lakini kukataa bei huku siyo ushamba.

Na ukishinda, usianze na picha za Instagram. Mara nyingi unalipa robo ya bei papo hapo na kinachobaki ndani ya siku 14, ukichelewa amana inakwenda na maji. Kuitoa Newala kwenda kwa fundi Masasi, usithubutu kuivuta kwa kamba. Breki zimeganda au hazipo, na ule mteremko haujali kwamba una risiti. Tafuta Fuso na wana wa kusukuma. Ila kama mnada umeangukia msimu wa korosho, kila Fuso liko kwenye foleni ya ghala, na dereva anajua kabisa kwamba una siku 14. Mtafute kabla ya mnada, mkubaliane bei ukiwa bado huna gari.